Vyama vya Kusaidiana Katika Dar es Salaam, na Mwaka Mmoja wa Chama cha Mabibo



Mazungumzo yangu ya leo ni habari za vyama vya kusaidiana katika mji wa Dar es Salaam: jinsi vilivyoanza, watu waliovianzisha, na swali moja ambalo limevisumbua tangu mwanzo mpaka sasa. Swali lenyewe ni hili: chama ni cha nani? Ni cha wale tu ambao majina yao yameandikwa katika daftari na ada zao zimepokewa, au ni cha kila jirani? Nisingalithubutu kulizungumza jambo hili, maana wako wazee wanaolijua kunipita, lakini kwa muda wa mwaka mmoja nalikuwa mwenyekiti wa chama kidogo cha namna hiyo hapa Mabibo, na kazi hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute habari za waliotutangulia.

Kwanza hatuna budi kuutazama mji wenyewe. Dar es Salaam si mji wa kale kama Kilwa au Lamu. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga majumba yake karibu na kijiji cha Mzizima, na mwaka 1891 Wajerumani wakaufanya kuwa makao makuu ya serikali yao. Wenyeji walikuwa Wazaramo na Washomvi, lakini kazi ya bandari, ya reli na ya ofisi iliwavuta watu wa mbali: Wanyamwezi, Wamanyema, Wayao, Wangoni, na wengine wengi. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilionyesha watu kama 69,000. Ile ya mwaka 1957 ilionyesha watu kama 128,000. Yaani katika miaka tisa tu mji ulikaribia kuongezeka mara mbili.

Basi fikirini hali ya kijana aliyepanga chumba kimoja Kariakoo katika siku hizo. Kwao, mtu akifa, hakuna anayeuliza nani atachimba kaburi, nani ataosha maiti, nani atapika chakula cha wafiwa. Ukoo unajua. Hapa mjini kijana huyo hana mjomba wala shangazi, na mwenye nyumba anamjua kwa kodi yake tu. Ugonjwa ukimpata anaweza kulala siku tatu asifunguliwe mlango. Kwa hiyo ukichunguza sheria za vyama vya kwanza vya mji huu, utaona kwamba karibu vyote vilianza na jambo la maziko. Siasa ilikuja baadaye, na hata mpira ulikuja baadaye.

Kabla ya vyama vyenye daftari ilikuwapo desturi ya utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwa sababu ya misafara ya zamani iliyotoka Tabora ikapita Uzaramo mpaka pwani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu na kuchukua kitu chako, nawe usikasirike. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayekuja msibani kufanya zile kazi ambazo wafiwa hawawezi kuzifanya kwa uchungu. Vijana wa leo wakisikia neno utani hukumbuka mzaha tu. Wazee walijua kwamba mzaha ulikuwa upande mmoja wa jambo, na upande wa pili ulikuwa jembe la kuchimbia kaburi. Hii ilikuwa akili kubwa: watu wawili wasio wa ukoo mmoja wamefungwa kwa wajibu, wala hakuna ada iliyotolewa.

Kisha zikaja ngoma za beni, ambazo zilitokea pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa zikaenea Tanganyika nzima. Pande zake kubwa zilikuwa mbili, Marini na Arinoti, nao walishindana kwa mavazi, kwa tarumbeta na kwa karamu. Kila upande ulikuwa na mfalme wake na maofisa wake wenye vyeo vya kijeshi. Wamisheni wengi waliichukia beni, wakaiona ni ubadhirifu na kiburi, na kweli fedha nyingi zilipotea katika kushindana. Lakini waliotazama kofia na tarumbeta peke yake hawakuona kwamba msafiri wa Marini akifika mji mgeni alipata mahali pa kulala kwa wenzake, na akifa huko alizikwa nao. Mimi naona kwamba vyeo vile ambavyo watu walivicheka vilikuwa shule. Mtu aliyejifunza kukusanya michango ya beni na kuitolea hesabu aliweza kesho kuwa mweka hazina wa chama chochote.

Chama cha kwanza cha watu waliosoma, ninavyojua, kilianzishwa Tanga mwaka 1922 na Bwana Martin Kayamba. Alikuwa Mbondei aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani katika chuo cha misheni ya UMCA, akawa karani mkubwa wa serikali. Chama chake kilikuwa cha watumishi wa serikali wa Kiafrika, Wakristo na Waislamu pamoja, nao walikutana kusoma magazeti, kujifunza na kucheza mpira. Mwaka 1931 Bwana Kayamba alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza habari ya kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Chama kilikuwa kizuri, lakini mlango wake ulikuwa mwembamba: mkulima, mchukuzi wa bandarini na mama wa nyumbani hawakuweza kuupita.

Mlango mpana zaidi ulifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1929, ilipoanzishwa African Association. Rais wake wa kwanza alikuwa mwalimu Cecil Matola, na katibu wake alikuwa Bwana Kleist Sykes. Habari za Kleist Sykes yafaa kuzieleza kidogo, maana zina fundo lake. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa askari wa Kizulu aliyeletwa kutoka Inhambane, Msumbiji, na Hermann von Wissmann mwaka 1889, Wajerumani walipopigana na watu wa Abushiri. Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894, na baba yake akafa yeye angali mtoto mchanga. Akakua Dar es Salaam, akawa askari upande wa Wajerumani katika vita vya 1914 mpaka 1918, na baada ya vita akapata kazi katika reli. Alifariki mwaka 1949.

Sheria ya African Association ilikuwa kwamba kila Mwafrika aweza kuingia, pasipo kuulizwa kabila wala dini. Leo maneno haya twayasikia kama maneno ya kila siku, lakini siku hizo serikali ya Waingereza ilikuwa ikiwatawala watu kwa makabila yao na machifu wao, na mtu aliyesema mimi ni Mwafrika tu alionekana kama mtu asiye na mahali pa kuandikwa. Chama kilipata kiwanja katika barabara iliyoitwa New Street, na wanachama wakaijenga nyumba yao kwa kujitolea. Baadaye matawi yakaenea bara, na Unguja pia tangu mwaka 1934. Mkutano wa matawi yote ulifanyika Unguja mwaka 1939, na mwingine ukafanyika Dodoma mwaka 1945. Mwaka 1948 wa bara walijitenga na wenzao wa Unguja, na jina likawa Tanganyika African Association, yaani TAA.

Sasa angalieni jambo hili. Chama cha watu wote kilipokwisha kuanzishwa, havikupita miaka mingi vikatokea vingine vyenye ua. Mwaka 1933 Kleist Sykes mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioanzisha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, chama cha Waislamu, kilichojenga shule ili watoto wapate elimu ya dini pamoja na masomo mengine. Mwaka 1934 Bwana Erica Fiah, mtu wa Uganda aliyekuwa na duka dogo mjini, alianzisha chama cha maslahi na biashara cha Waafrika, cha kuwasaidia wenye maduka kama yeye katika shida zao. Na mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kwetu, gazeti la kwanza la Tanganyika lililomilikiwa na Mwafrika. Mwaka 1938 Wazaramo wakaanzisha umoja wao, na watu wa Ukami vile vile. Wanyamwezi walikuwa wamejiunga zamani zaidi.

Wengine husema kwamba vyama hivi vya ua vilikuwa usaliti wa African Association. Mimi sikubali. Yule aliyezikwa na umoja wa kabila lake hakuacha kuwa Mwafrika. Tena tuseme ukweli: ua una faida. Watu wa kijiji kimoja au wa msikiti mmoja hawahitaji kuandikiana barua ya madai. Asiyetoa mchango atamwonea haya shemeji yake. Chama cha watu wote hakina shemeji. Kina katibu na daftari tu, na ndiyo sababu mara nyingi nguvu zake zilipungua, mikutano ikawa michache, na ada zikawa haba, mpaka akatokea mtu wa kukiamsha tena.

Lakini tazameni ni nani walioshika kazi ya vyama vya milango mipana. Kleist Sykes alikuwa mtoto wa Mzulu wa Msumbiji. Katika Dar es Salaam Wazulu walihesabika. Matola alikuwa Myao wa kusini. Fiah alitoka Uganda. Kayamba, Mbondei, alizaliwa Unguja. Wote hawa walikuwa wageni wa mji, au watoto wa wageni. Sisemi kwamba wenyeji hawakushiriki, la hasha. Wazaramo wengi walikuwamo. Nasema kwamba mtu asiye na kabila kubwa la kumzika hapa ndiye anayetambua mapema kuliko wengine haja ya chama kisichouliza kabila.

Mfano mwingine ni wa mwalimu mwenzetu. Bwana Julius Nyerere alirudi kutoka chuo kikuu cha Edinburgh mwezi wa Oktoba 1952, akafundisha katika shule ya misheni ya Mtakatifu Fransisko huko Pugu. Alikuwa Mzanaki, kabila dogo la karibu na Ziwa Viktoria. Tarehe 17 Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglo, Mnazi Mmoja, alichaguliwa kuwa rais wa TAA, akimshinda Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist. Mwaka wake wa kwanza haukuwa mwepesi. Mwezi wa Agosti 1953 serikali ilitoa waraka kuwakataza watumishi wake wasiwe wanachama wa TAA. Kwa kuwa makarani wa serikali ndio waliokuwa mkono wa kuandika na kutunza hesabu, pigo hilo lilikuwa zito. Rais mwenyewe, kwa kuwa alifundisha katika shule ya misheni, hakuguswa na waraka ule. Hata hivyo kazi ya kutengeneza sheria mpya za chama iliendelea, na tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ile ile ya New Street, ambayo leo ni barabara ya Lumumba, TAA ikageuka kuwa TANU. Mwezi wa Machi 1955 Nyerere akaacha ualimu. Mnayajua yaliyofuata, sina haja ya kuyasimulia.

Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, TANU ilianzisha mashina ya nyumba kumi kumi, na balozi wa shina ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kupewa habari ya msiba, ya ugomvi au ya mgeni aliyelala. Ilipopitishwa sheria ya vyama vingi vya siasa mwaka 1992, mashina yalibaki mashina ya chama kimoja kati ya vingi, na jirani asiye wa chama hicho hakuona sababu ya kumwendea balozi. Nafasi hiyo ndiyo iliyoingiwa na vyama vidogo vidogo vya mitaa ambavyo leo viko kila mahali: vya maziko, vya akina mama, vya kuweka na kukopa.

Chama chetu cha Mabibo ni kimoja cha hivyo. Mabibo ni yale matunda ya mkorosho, na jina latuonyesha mahali hapa palikuwaje kabla ya nyumba kusongamana. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa jirani yetu, na wafanya kazi wakaja kutoka kila mkoa. Baadaye vikaja Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na mabweni ya wanafunzi wa Chuo Kikuu. Kwa hiyo Mabibo, ambayo zamani ilikuwa ya wilaya ya Kinondoni na sasa ni ya Manispaa ya Ubungo, ni mahali pa wapangaji. Anayekaa miaka ishirini na anayekaa miezi mitatu wanachota maji katika bomba moja.

Kazi za mwaka wangu wa uenyekiti zilikuwa za kawaida: kuzibua mitaro kabla ya mvua za masika, kununua turubai na sufuria za misibani, kukusanya ada. Sitawachosha kwa habari za mitaro. Iliyotushughulisha kupita zote ni sheria ya maziko. Waislamu huzika upesi, mara nyingi siku ile ile, na gharama yao si kubwa. Mkristo wa mkoa wa mbali mara nyingi husafirishwa kwao, na gharama yake ni mara nyingi ya ile. Je, chama kitoe fedha sawa kwa kila msiba, au kitoe kwa kadiri ya haja? Tukakata shauri kwamba fedha ziwe sawa, na kwa gharama ya safari kila familia ijitafutie. Wengi walinung'unika, lakini walielewa.

Katikati ya masika akafa mpangaji mmoja, kibarua, aliyekuwa amekaa kwetu miezi mitatu. Jina lake halikuwamo katika daftari. Mweka hazina wetu, mama mjane anayeheshimiwa sana, akasimama mkutanoni akasema, "Mwenyekiti, fedha hizi si zangu wala si zako. Ni za yule mama anayeuza vitumbua, aliyetoa kila mwezi hata mwezi aliougua mtoto wake. Tukimlipia asiyetoa, mwezi ujao nitamdai nini huyu aliyetoa?" Nami naona hata leo kwamba hoja yake ilikuwa imara. Ndipo mzee mmoja Mzaramo, aliyekuwa mfumaji wa Urafiki zamani, akajibu kwa upole, "Dada yangu, umesema kweli. Lakini marehemu alikuwa Mnyamwezi, nami ni mtani wake. Mimi naenda kuchimba. Daftari lenu lisinizuie." Watu wakacheka, na baada ya kucheka wakanyamaza.

Yale niliyokuwa nimeyasoma katika vitabu yakawa yamesimama mbele yangu: ua na mlango, daftari na utani. Nikaleta shauri kwamba mfuko wa daftari usiguswe, ila bakuli lipitishwe mlango kwa mlango, kila mtu atie anachoweza, na turubai na sufuria za chama zitumike. Mkutano ukakubali. Bakuli halikupata fedha za kumsafirisha, bali lilitosha kumzika hapa mjini kwa heshima. Ndugu yake aliwahi kufika, akasimama kaburini karibu na yule mzee, na watani wakafanya mzaha wao kama ilivyo desturi, mpaka ndugu yule akatabasamu huku machozi yakimtoka.

Shauri lile halikumaliza maneno. Wapangaji kadhaa walikuja juma lile lile kuandikisha majina yao, wakisema wameona chama kinavyofanya kazi. Wengine wakasema kinyume: ikiwa bakuli litapita hata kwa asiyetoa ada, ada ni ya nini? Katika mkutano wa mwisho wa mwaka tuliandika sheria kwamba mgeni wa mtaa apewe habari za chama katika mwezi wake wa kwanza, na kwamba bakuli ni hiari ya majirani, si deni la chama. Mwenyekiti mpya amechaguliwa, naye ni fundi cherehani mzaliwa wa Kigoma; nimekwisha kumkabidhi mihuri na funguo.

Mweka hazina amebaki katika kazi yake. Fedha za bakuli anaziandika katika daftari lake peke yake, mbali na lile la ada, na majina ya watoaji huyaandika yote, hata aliyetia sarafu moja. Tulipofunga hesabu za mwaka tuliyahesabu majina ya madaftari yote mawili. Yale ya bakuli yalikuwa mengi zaidi, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawajatoa ada hata mwezi mmoja.